Ndugu yako kaongezewa mvua kwa sababu ya makosa ya nyuma: namna ya kukata rufaa ya adhabu ukiwa Tanga

Kama ndugu yako kahukumiwa juzi, hakimu kasema mshtakiwa huyu ni mkosaji mzoefu alafu kampiga mvua nyingi, yaani miaka mingi ya jela, kuliko mlivyotegemea, kabla hamjaanza kuuza mbuzi mtafute wakili andikeni kwanza tarehe ya hukumu mahali pa wazi, maana kila siku ya rufaa inahesabiwa kutoka hapo. Naandika hii kwa ajili ya familia za huku kwetu, Tanga mjini, Muheza, Pangani, Korogwe, Handeni, Lushoto kote, kwa sababu rufaa nyingi za adhabu ninazoziona zikianguka mfungwa hoja anayo kabisa, tatizo siku zimepita, au karatasi nzima imejaa kuomba huruma na hamna hata mstari mmoja unaosema hakimu alikosea wapi.

Jambo lenyewe liko hivi. Mtu mwenye makosa ya nyuma hakimu anaruhusiwa kumpa adhabu kali kuliko mtu wa mara ya kwanza, hilo lipo na msipoteze muda kubishana nalo. Lakini makosa hayo lazima yaletwe mahakamani kwa utaratibu, lazima yawe makosa ambayo mtu alitiwa hatiani kweli, na adhabu lazima ibaki inalingana na kosa la sasa hivi. Kifungo cha zamani alishakitumikia akamaliza, hawezi kufungwa tena kwa kosa lile lile kupitia mlango wa nyuma. Rufaa ya adhabu ya mtu wa namna hii inashinda pale mnapoonyesha kwamba kimojawapo kati ya hivyo vitatu kimevunjwa.

Namba za vifungu nitakazotaja ni zile zilizozoeleka, za Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai Sura ya 20, na Kanuni ya Adhabu Sura ya 16. Toleo la sheria la 2023 lilianza kutumika tarehe 1 Julai 2025 na vifungu vimehama namba, kwa hiyo ukiandika karatasi ya kupeleka mahakamani fungua toleo jipya uweke namba ya sasa, ila ukisoma hukumu za zamani utakutana na hizi hizi.

Siku, siku, siku

Inategemea hukumu imetoka mahakama gani. Ikiwa ni mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi, rufaa inaenda Mahakama Kuu, kwetu ni Masijala Ndogo ya Tanga. Kifungu cha 361 cha Sura ya 20 kinataka vitu viwili tofauti na hapa ndo watu wanachanganya. Kwanza notisi, yaani taarifa ya kusudio la kukata rufaa, ndani ya siku 10 tangu hukumu. Pili petisheni ya rufaa yenyewe, ile yenye sababu, ndani ya siku 45. Notisi ni karatasi fupi tu, inasema mimi fulani niliyehukumiwa na mahakama fulani kwenye kesi namba fulani tarehe fulani sikuridhika na nakusudia kukata rufaa, na andikeni wazi kama ni dhidi ya kutiwa hatiani na adhabu au dhidi ya adhabu peke yake. Haihitaji sababu, haihitaji nakala ya hukumu, kwa hiyo msisubiri chochote, iandikwe siku ile ile au kesho yake.

Aliyeko gerezani haihitaji mtu wa nje kumpelekea. Kifungu cha 363 kinamruhusu kukabidhi notisi na petisheni kwa mkuu wa gereza, na gereza ndo linapeleka kwa Msajili wa Mahakama Kuu. Kwa hiyo kama yuko Maweni, siku ya kwanza mkienda kumuona swali la kwanza kabla ya habari za nyumbani liwe: umeshaweka notisi? Umeweka dole gumba au saini? Afande yupi kapokea, tarehe ngapi? Aseme tarehe mwandike. Ikitokea karatasi imechelewa njiani, mahakama zetu zimeshakubali mara nyingi kwamba mfungwa sio mtu huru wa kukimbia masijala mwenyewe, akishakabidhi kwa gereza amefanya sehemu yake, lakini lazima muwe na kitu cha kuonyesha kwamba alikabidhi.

Tuchukue mfano wa kuhesabu. Hukumu imetoka tarehe 4 Machi. Notisi mwisho wake tarehe 14 Machi. Petisheni mwisho wake tarehe 18 Aprili. Sasa nakala za hukumu na mwenendo, yaani kumbukumbu ya yote yaliyosemwa mahakamani, mara nyingi hazitoki haraka hivyo, na sheria inajua, ule muda mliokuwa mnasubiri nakala unatolewa kwenye hesabu. Ila muda huo unatolewa kwa mtu aliyeomba nakala, kwa hiyo andikeni barua ya kuomba mapema kabisa, mbaki na kopi iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, na siku mnayopewa nakala hakikisheni tarehe ya kutolewa imeandikwa juu yake. Alafu msije mkakaa nazo. Mtu akishapata nakala anaona ana siku 45 nzima, anazilaza kabatini, mwezi unapita, anakuja kuanza kutafuta wa kumwandikia zikiwa zimebaki siku tatu, hapana, zikitoka tu kaeni chini mzisome usiku huo huo.

Hukumu ikitoka mahakama ya mwanzo njia ni nyingine. Rufaa inaenda mahakama ya wilaya ndani ya siku 30, chini ya kifungu cha 20 cha Sheria ya Mahakama za Mahakimu, Sura ya 11. Ikishindwa hapo inaenda Mahakama Kuu, siku 30 tena, na petisheni hiyo inapelekwa hapo hapo kwenye mahakama ya wilaya iliyotoa uamuzi, wao ndo wanaipandisha pamoja na majalada.

Muda ukishapita bado kuna mlango. Mahakama Kuu inaweza kupokea rufaa iliyochelewa kukiwa na sababu ya msingi, lakini mnaomba kwa maombi yenye kiapo na kiapo hicho kieleze kuchelewa kote, sio kusema tu "nilikuwa mgonjwa". Kama alihamishwa gereza, ombeni gereza litoe uthibitisho wa tarehe za kuhamishwa. Kama nakala zilichelewa, ambatanisheni barua zenu.

Na hili watu hawalijui: aliyekiri kosa naye anaweza kukata rufaa ya adhabu. Kifungu cha 360 kinamzuia aliyekiri kupinga kutiwa hatiani, ila kuhusu ukubwa wa adhabu au uhalali wake njia iko wazi. Kwa hiyo mtu akikwambia "alikubali mwenyewe, imekwisha", sio kweli.

Ukurasa wa kusoma kuliko kurasa zote

Mkishapata mwenendo, msianze mwanzo. Rukeni ushahidi wote nendeni mpaka pale hakimu anaposema mshtakiwa ametiwa hatiani, alafu someni kinachofuata. Kuna sehemu ndogo, mara nyingi haifiki nusu ukurasa, na rufaa yenu yote iko pale. Mwenendo unaweza kuja kwa Kiingereza ingawa tangu marekebisho ya 2021 Kiswahili ndo lugha ya mahakama, kwa hiyo tafuteni mtu anayejua vizuri awasomee neno kwa neno, sio awape muhtasari. Kwa kawaida utakuta kitu cha namna hii:

Mwendesha mashtaka: Mheshimiwa, mshtakiwa sio mara yake ya kwanza, tunaomba adhabu kali iwe fundisho kwa wengine.

Mshtakiwa: Naomba mahakama inihurumie, mama yangu ni mgonjwa na watoto wananitegemea.

Mahakama: Mshtakiwa ni mkosaji mzoefu. Anahukumiwa kwenda jela miaka mitano.

Soma mstari wa kwanza taratibu. "Sio mara yake ya kwanza." Kesi namba ngapi? Mahakama gani? Mwaka gani? Kosa gani? Alipewa adhabu gani? Hamna. Hayo ni maneno ya mwendesha mashtaka tu, na maneno ya mwendesha mashtaka sio ushahidi. Utaratibu ni kwamba upande wa mashtaka unataja kila kosa la nyuma kwa maelezo yake, mshtakiwa anasomewa, anaulizwa unakubali au unakataa, jibu lake linaandikwa. Akikubali, basi limethibitika. Akikataa, wao ndo wanatakiwa kuthibitisha, kwa kumbukumbu za alama za vidole au kwa nakala iliyothibitishwa ya ile hukumu ya zamani pamoja na ushahidi kwamba aliyehukumiwa kule ni huyu huyu aliyesimama hapa. Majina yanafanana sana huku kwetu, ukiita Juma Ally pale Ngamiani watageuka wengi, kwa hiyo hilo la kuthibitisha ni huyu huyu msilichukulie dogo.

Sasa angalia mstari wa pili. Mshtakiwa anaomba huruma, hajaulizwa chochote kuhusu makosa ya nyuma. Kunyamaza kwake sio kukubali, hakuulizwa. Hii ndo sababu yenu ya kwanza ya rufaa, na ni nzuri, kwa sababu inaonekana kwenye rekodi yenyewe bila kumwita shahidi yeyote.

Mstari wa tatu pia una kasoro yake. Hakimu kataja kitu kimoja tu, uzoefu. Hakusema neno kuhusu shufaa ya mshtakiwa, yaani yale maombi yake ya kupunguziwa adhabu, hakusema alikaa mahabusu muda gani kabla ya hukumu, hakusema kama alikiri kosa mapema akaiokolea mahakama muda. Vyote hivyo vinatakiwa kupimwa. Muda wa mahabusu hasa, maana kuna vijana wanakaa mwaka mzima Maweni wakisubiri kesi, alafu wanapewa kifungo kana kwamba wamekamatwa jana. Na kukiri mapema kwa kawaida kunashusha adhabu, kipimo kinachotajwa sana ni theluthi moja.

Nikuombe kitu kimoja: kabla hamjaandika kwamba hakuulizwa, nendeni mkamuulize yeye mwenyewe gerezani kwa utulivu, na mlinganishe na mwenendo. Mwenendo ukiwa umeandika "mshtakiwa: ni kweli", Mahakama Kuu itaamini mwenendo. Msiandike kitu ambacho rekodi inawakana, jaji akikuta sababu ya kwanza ni ya uongo atazisoma zilizobaki kwa jicho lingine.

Lipi ni kosa la nyuma na lipi sio

Hapa pana utajiri mkubwa wa hoja, na familia nyingi zinapita juu juu. Kosa la nyuma maana yake alishatiwa hatiani na mahakama. Kukamatwa sio kutiwa hatiani. Kulala Chumbageni polisi siku tatu na kuachiwa sio. Kesi inayoendelea mahakama nyingine sio, hata kama ni ya wizi ule ule wa pikipiki. Kesi ambayo DPP, yaani Mkurugenzi wa Mashtaka, aliiondoa chini ya kifungu cha 91, au mwendesha mashtaka akaiondoa chini ya kifungu cha 98, sio. Kesi aliyoshinda kwenye rufaa sio, ile hatia ilishafutwa. Mtaa mzima unaweza kumjua kama mwizi, mjumbe wa nyumba kumi akaja kusema hivyo, bado sio. Hakimu akimwita mtu mzoefu kwa mambo ya namna hiyo amefuata msingi usio sahihi wa sheria, na mwandike hivyo hivyo.

Alafu tazama mpangilio wa tarehe. Utakuta kijana ana kesi tatu zilizofunguliwa mwezi mmoja, zote za matukio ya mwezi huo. Ya kwanza inaisha, anafungwa. Ya pili ikiisha hakimu anasema ana kosa la nyuma. Hapo mjenge hoja kwamba alipotenda kosa la pili alikuwa bado hajatiwa hatiani kwa lolote, hajawahi kuonywa na mahakama alafu akapuuza, na mzoefu anayestahili kuongezewa ni yule aliyeadhibiwa, akatoka, akarudia. Hiyo hoja ina uzito kwa sababu inagusa sababu yenyewe ya kumwongezea mtu adhabu.

Umri wa kosa la zamani nao muutumie. Mtu aliiba kuku zamani sana, tangu hapo ameishi vizuri, anavua samaki zake Deep Sea, ana familia, leo kakutwa na kosa la kupigana. Kosa la zamani ni la aina nyingine na limepoa, kumwita mzoefu kwa hilo hakulingani na hali halisi. Na kama kosa lile alitenda akiwa mtoto chini ya miaka 18, elezeni pia, Sheria ya Mtoto ya 2009 ina utaratibu wake na hairuhusu mtoto kufungwa jela, kwa hiyo rekodi ya utotoni haiwezi kubebwa kama ya mtu mzima aliyefanya kwa akili yake yote.

Mipaka ya adhabu yenyewe

Sasa angalieni kama adhabu ilikuwa halali hata tukisema uzoefu umethibitika. Hii sehemu ni fupi lakini msiiruke, maana adhabu isiyo halali Mahakama Kuu haina namna ila kuigusa.

Kifungu cha kosa kinataja ukomo. Wizi wa kawaida, kifungu cha 265 cha Kanuni ya Adhabu, ukomo ni miaka 7. Lakini kuna ukomo wa pili, wa mahakama yenyewe. Kifungu cha 170 cha Sura ya 20 kinaiwekea mahakama ya chini kikomo cha kifungo cha miaka 5, isipokuwa kwa makosa yaliyowekewa kiwango cha chini na sheria, kama yale ya Sheria ya Viwango vya Chini vya Adhabu, Sura ya 90. Kwa hiyo mtu wa wizi wa kawaida akipigwa miaka 6 mahakama ya wilaya, kuna cha kusema hapo kabla hata ya kufika kwenye uzoefu. Kifungu hicho hicho kinataka baadhi ya adhabu zithibitishwe kwanza na Mahakama Kuu, mfano kifungo kinachozidi miezi 12 kwa kosa lisilo kwenye orodha ya Sura ya 90, kama aliyetoa hukumu sio hakimu mkazi mwandamizi au zaidi, kwa hiyo angalieni cheo cha hakimu pale chini ya saini. Mahakama ya mwanzo kwa kawaida kikomo chake cha kifungo ni miezi 12.

Makosa yakiwa mawili au matatu kwenye hati moja, someni kama hakimu amesema adhabu zitumikiwe kwa pamoja au moja baada ya nyingine. Asiposema, zinafuatana, na watu wanashtuka gerezani kukuta hesabu imekuwa kubwa. Makosa yaliyotokea kwenye tukio moja, amevunja nyumba na kuiba humo humo usiku mmoja, kawaida ni kutumikiwa kwa pamoja, kwa hiyo ombeni hilo kwa jina lake. Na kwa mtu ambaye alikuwa tayari anatumikia kifungo kingine, kifungu cha 36 cha Kanuni ya Adhabu kinafanya kifungo kipya kianze cha kwanza kikiisha, mpaka mahakama iamuru vinginevyo. Huyu mzoefu wenu mara nyingi ndo yuko kwenye hali hiyo.

Simameni hapa kwanza kabla ya kupeleka petisheni

Hili nalisema kwa uzito kwa sababu linaumiza watu. Kifungu cha 366 kinaipa Mahakama Kuu uwezo wa kupunguza adhabu na uwezo wa kuiongeza. Mtu aliyetiwa hatiani kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, kifungu cha 287A cha Kanuni ya Adhabu, kiwango cha chini ni miaka 30. Hakimu akikosea akampa 15 alafu ninyi mkakata rufaa mkisema 15 ni nyingi, mnaipelekea Mahakama Kuu jalada lenye adhabu isiyo halali, na anaweza kutoka na 30. Watampa nafasi ya kusema kabla ya kuongeza, ila kiwango cha sheria ni kiwango cha sheria. Kwa hiyo kosa likiwa na kiwango cha chini kilichowekwa na sheria, na amepewa kiwango hicho hicho, rufaa ya "adhabu ni kali" haina pa kwenda, jaji hana mamlaka ya kushuka chini yake hata akimwonea huruma. Hapo nguvu zote zielekezwe kwenye kupinga kutiwa hatiani: ushahidi wa utambuzi, mnyororo wa vielelezo, hati ya mashtaka. Hiyo ni kazi nyingine na kwa kosa la miaka 30 tafuteni wakili kwa kila namna.

Kuandika sababu za rufaa

Mahakama ya rufaa haibadilishi adhabu kwa sababu tu jaji mwenyewe angetoa ndogo zaidi. Msingi huo ni wa zamani, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki iliueleza kwenye kesi ya Ogalo ya 1954, na Mahakama ya Rufaa ya Tanzania imeendelea nao. Inaingilia pale hakimu alipofuata msingi usio sahihi, au alipoacha kuzingatia jambo la muhimu, au adhabu ni kubwa kupita kiasi ukiangalia mazingira ya kesi, au sio halali kisheria. Chukueni hayo kama vyumba vya nyumba, kila sababu yenu ijue inalala chumba gani, isiyo na chumba itoeni.

Angalia tofauti. Hii haisaidii: "Kwamba Mheshimiwa Hakimu alikosea kunipa adhabu kali wakati mimi ni mtu masikini mwenye familia." Jaji atamsikitikia na ataitupa. Hii ina kazi: "Kwamba Hakimu alikosea kisheria kuniadhibu kama mkosaji mzoefu wakati upande wa mashtaka haukutaja kesi, mahakama, tarehe wala kosa lolote nililowahi kutiwa hatiani, na sikuulizwa kama ninakubali, kama inavyoonekana ukurasa wa 23 wa mwenendo." Ina kosa la sheria, ina ukurasa.

Ya pili inaweza kuwa: "Kwamba Hakimu hakuzingatia miezi 11 niliyokaa mahabusu wala kukiri kwangu kosa siku ya kwanza." Ya tatu: "Kwamba adhabu ya juu kabisa ilitolewa kwa kosa la thamani ndogo lisilo na madhara kwa mtu, wakati adhabu ya juu imewekwa kwa matukio mabaya zaidi ya kosa hilo." Zikiwa tatu au nne zenye nguvu zinatosha. Nimeona petisheni za sababu kumi na tano, nyingi zinarudia, ile nzuri imezama namba tisa.

Mwisho wa petisheni semeni mnachotaka: adhabu ipunguzwe iwe kiasi fulani, au ibadilishwe iwe muda alioutumikia tayari, au zitumikiwe kwa pamoja. Ambatanisheni nakala ya hukumu na mwenendo, kifungu cha 362 kinataka hivyo. Kama mnaweza kuingia mtandaoni, TanzLII ina hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufaa bure kabisa, tafuteni mbili tatu za kosa linalofanana na lenu mwone majaji wamepunguza kwa sababu gani.

Msaada wa kuandika upo. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inatambua wasaidizi wa kisheria, na wilaya zetu wanao, ulizeni ofisi ya ustawi wa jamii au halmashauri. Mawakili wa Chama cha Mawakili Tanganyika nao wanachukua baadhi ya kesi bila malipo. Wa kuogopa ni vishoka wanaozunguka karibu na mahakama, anakwambia mimi namjua karani, lete laki mbili notisi iende. Notisi ya mfungwa inapelekwa na gereza. Mtu akijiita wakili, jina lake liangalieni kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama kabla hamjatoa hata mia.

Dhamana wakati wa kusubiri rufaa ipo kwenye kifungu cha 368 lakini inatolewa kwa nadra, mpaka rufaa ionekane wazi ina uwezekano mkubwa wa kushinda au kuwe na mazingira ya pekee. Ombeni kama adhabu ni fupi kiasi kwamba ataimaliza kabla rufaa haijasikilizwa, hiyo ni sababu inayoeleweka.

Siku ya kusikilizwa

Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, itawakilishwa na wakili wa serikali kutoka Ofisi ya Taifa ya Mashtaka. Msimchukulie kama adui, kwenye kasoro iliyo wazi ya utaratibu mara nyingine wakili wa serikali mwenyewe anasimama na kusema anaunga mkono rufaa kwenye adhabu. Mrufani kama hana wakili ataambiwa aeleze sababu zake. Mwambieni mapema asianze upya kusimulia siku ya tukio, na asiseme "naomba mnisamehe sikufanya" kwenye rufaa ya adhabu peke yake, hapo amevuruga. Aseme naomba sababu zangu zipokelewe kama zilivyo, alafu aonyeshe ukurasa. Baada ya wakili wa serikali kumaliza atapewa nafasi ya kujibu, aitumie kujibu kilichosemwa tu. Akiulizwa kuhusu makosa ya nyuma aseme ukweli, maana jaji akihisi anafichwa kitu moyo unabadilika.

Ikikataliwa Mahakama Kuu, notisi ya kwenda Mahakama ya Rufaa ni ndani ya siku 30, na mfungwa anakabidhi tena kwa mkuu wa gereza. Lakini jueni kwamba kule kwenye rufaa ya pili Sheria ya Mamlaka ya Rufaa, Sura ya 141, kifungu cha 6(7), inaruhusu hoja za sheria tu, na inasema wazi kwamba ukali wa adhabu sio mojawapo. Uhalali wa adhabu ndiyo, ukali hapana. Kutothibitishwa kwa makosa ya nyuma iandikeni kama hoja ya sheria, na hiyo ndo sababu nyingine ya kuiandika vizuri tangu petisheni ya kwanza, kwa sababu hoja ambayo haikusemwa chini ni ngumu sana kuiibua juu.

Na ikikubaliwa, msirudi nyumbani mkashangilia mkaacha karatasi. Ombeni nakala ya uamuzi, na kama adhabu imeshushwa mpaka muda aliotumikia hakikisheni amri ya kuachiwa imefika gerezani siku ile. Kama ana kifungo kingine cha kesi nyingine, muulizeni afande wa kumbukumbu tarehe mpya ya kutoka imeandikwa ngapi kwenye faili lake, aisome mbele yenu, mlinganishe na uamuzi wa jaji.